Chai ya kijani na kisukari: sukari inashuka kwa kiasi gani?

Mhudumu_Igoma

Wadau, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaojua chai na wanaojua dawa.

Kwenye vikundi vya watu wenye kisukari aina ya pili huku Igoma na Buzuruga, Mwanza, imeingia chai ya kijani. Inauzwa kwa namna tatu: majani makavu ya kupima kwa kijiko, vipakiti vya kuchovya, na vidonge kwenye kopo lenye picha ya jani. Wauzaji wanasema "inasafisha sukari kwenye damu". Wagonjwa wengi wako kwenye metformini, baadhi wameongezewa glibenklamidi (zote ni dawa za kushusha sukari), na tayari wapo wanaoruka dozi ya asubuhi kwa sababu wameshakunywa chai.

Ninachotaka kujua: ndani ya majani hayo kuna nini kinachogusa sukari, inashuka kwa kiasi gani ukilinganisha na dawa, chai yenyewe inatengenezwaje ili isipoteze hicho kitu, na vidonge vina tofauti gani na kikombe. Naomba namba jamani. Mtu ukimwambia "acha" bila sababu anakuitikia hapo hapo, akifika nyumbani anaendelea.

Mfamasia_Nyegezi

Ndugu Mhudumu, kilichomo ni katekini, ambazo ni jamii ya polifenoli, kemikali za asili za mimea. Kubwa ni nne, na iliyo nyingi kuliko zote inaitwa epigalokatekini galeti, kwa kifupi EGCG. Kikombe cha mililita 200 kilichotengenezwa kwa gramu 2 za majani mazuri hutoa EGCG kama miligramu 50 hadi 100, na kafeini kama miligramu 30.

Sasa lifuate tonge la ugali. Wanga unakatwa na amilesi, ya mate kwanza halafu ya kongosho. Vipande vinavyobaki vinamaliziwa na vimeng'enya vya kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, alfa-glukosidesi, ndipo glukosi ivuke kuingia kwenye damu. Katekini zinavibana vimeng'enya hivi, na zinaubana kidogo pia mlango wa kuvushia glukosi. Ni njia ileile ya dawa ya akabosi, ila akabosi inabana kwa nguvu zaidi. Sukari ya tonge haipotei, inachelewa tu, na kilele cha baada ya kula kinapungua kidogo.

Dai la pili ni la ini. Maabara, seli za ini zikiwekwa kwenye EGCG zinapunguza kutengeneza glukosi, na hapo ndipo watu wanasema "inafanya kazi kama metformini". Piga hesabu. Miligramu 100 za EGCG kwenye mililita 200 ni takriban mikromoli 1,100 kwa lita. Mkolezo huo unashuka tumboni na utumbo unauona. Lakini EGCG hainyonywi vizuri: baada ya kikombe kimoja au viwili, kwenye damu haifiki hata mikromoli 1 kwa lita, wakati majaribio mengi ya seli yanatumia 10 hadi 100. Kwa hiyo habari ya utumbo ina mashiko. Habari ya ini imetolewa kwenye kisahani cha maabara ikapakwa kwenye lebo.

Kwa binadamu: mwaka 2013 yalijumlishwa majaribio 17 ya chai ya kijani. Sukari ya kabla ya kula ilishuka kwa 0.09 mmol/L, na HbA1c (kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu, husomwa kwa asilimia) kwa pointi 0.3. Mwaka 2020 yakajumlishwa majaribio 27 yenye watu 2,194: sukari ya kabla ya kula ilishuka kwa 1.44 mg/dL, yaani ukigawanya kwa 18 unapata 0.08 mmol/L, na HbA1c haikuonyesha tofauti ya kuaminika. Metformini peke yake hushusha HbA1c kwa pointi 1 hadi 1.5. Huyo anayeruka dozi ya asubuhi anabadilisha pointi nzima kwa kitu ambacho huenda ni sifuri.

Wauzaji wanapenda kutaja Japani. Ni kweli, mwaka 2006 ilichapishwa taarifa ya watu 17,413 wa huko, na waliokunywa vikombe 6 au zaidi kwa siku walikuwa na uwezekano wa kupata kisukari uliopungua kwa asilimia 33. Ila hao walikuwa bado hawajaugua, na walifuatiliwa tu, hawakupewa chai kwa majaribio. Ufuatiliaji mwingine wa Shanghai, uliochapishwa 2018, ulikuta kinyume: wanywaji wa chai ya kijani walipata kisukari zaidi kidogo. Wanaouza hawautaji huo.

Chipukizi_Maruku

Niongezee upande wa jani.

Chai ya kijani na chai ya rangi ni mmea mmoja, uleule unaolimwa Maruku kule Bukoba, Rungwe, Mufindi na Lushoto. Zinaachana saa chache baada ya kuchumwa. Kwa chai nyeusi, jani linanyaushwa, linasagwa, linaachwa lichachuke mpaka ligeuke rangi ya shaba, ndipo linakaushwa. Kinachobadilisha rangi ni kimeng'enya cha ndani ya jani, jamaa wa kile kinachoifanya ndizi mbichi uliyoimenya iwe nyeusi ukiiacha mezani. Kwa chai ya kijani, jani linapigwa mvuke au linakaangwa kwenye karai mapema ili kimeng'enya hicho kife, na katekini zinabaki kama zilivyo. Kwenye nyeusi nyingi zinageuka kuwa theaflavini na tearubijini, EGCG inabaki sehemu ndogo. Lakini theaflavini nazo zinabana amilesi na alfa-glukosidesi maabara. Chai ya rangi isiyo na sukari si ya kudharauliwa, tena kila duka la Mwanza linayo.

Kununua: sugua majani kwenye kiganja, yanuse. Mazuri yana harufu ya nyasi zilizokauka kivulini na rangi ya mzeituni. Yakiwa ya kahawia na yananuka boksi, yamekaa juani au yameingia unyevu. Nunua kidogo, weka kwenye kopo lisilopitisha mwanga lenye mfuniko wa kubana.

Kwa vipakiti, soma viungo. Vile vya "kupunguza tumbo" mara nyingi vina sanamaki. Hiyo ni dawa ya kuharisha. Mtu anaona uzito umeshuka kilo mbili, kumbe ametoka maji na potasiamu, na kwa mgonjwa wa kisukari mwenye figo zinazosuasua hilo ni hatari.

Kutengeneza: Mwanza iko takriban mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanachemkia nyuzi 96 hivi, si 100. Unayataka kama 80. Chemsha, mimina kwenye bakuli la udongo au kikombe kikubwa cha baridi, subiri dakika 4 au 5. Weka gramu 2 za majani (kijiko cha chai kilichojaa kiasi, maana majani ya kijani ni mepesi), mimina mililita 200, funika dakika 3, chuja. Usiyatokose kwenye sufuria kama majani meusi. Ni kweli maji ya moto zaidi yanatoa katekini nyingi zaidi, lakini yanatoa na ukali wote, na kikombe kikali ndicho kinachomrudisha mtu kwenye bakuli la sukari. Hapo ndipo chai nyingi inapoharibika, kabla hata ya kufika mdomoni.

Usiiweke kwenye chupa ya chai kutwa nzima. Kwenye joto, hasa kwa maji yasiyo na uchachu kama ya ziwani, EGCG inageuka umbo na kuoza. Utaiona kwa macho: inatoka kijani-njano inaenda kahawia. Matone kadhaa ya ndimu yanapunguza kasi hiyo. Maziwa usitie, protini yake inashikana na katekini.

Lishe_Ukerewe

Kaka Mfamasia, maelezo ya utumbo nayakubali, ila yana mtego ambao lazima usemwe. Kama chai inafanya kazi kwa kubana vimeng'enya, basi ifanye hivyo chakula kikiwa tumboni, yaani inywewe pamoja na mlo. Na pamoja na mlo ndiyo saa mbaya kabisa kwa madini ya chuma. Polifenoli za chai zinashika chuma cha mimea, cha mchicha, maharage na dona, na kwenye majaribio chai ya mlo imepunguza unyonywaji wake kwa zaidi ya nusu. Chuma cha samaki na nyama kinaathirika kidogo.

Sasa tazama kanda yetu. Visiwani na mwambaoni kuna kichocho, kuna minyoo ya safura, kuna wajawazito. Watu wanapoteza damu tayari. Ushauri mmoja hauwezi kumfaa kila mtu:

Mwanamke anayepata hedhi, mjamzito, mwenye upungufu wa damu, au aliyetibiwa kichocho karibuni: chai ya aina yoyote, ya kijani au ya rangi, inywewe saa moja kabla au saa moja na nusu baada ya mlo. Faida ya kubana vimeng'enya ataikosa, na aikose tu, maana ni ndogo. Mjamzito abaki kwenye kikombe kimoja, kwa sababu katekini zinapunguza pia unyonywaji wa asidi ya foliki.

Mwanaume mzima au mama aliyeshakoma hedhi, asiye na upungufu wa damu: kikombe kimoja pamoja na mlo wenye wanga mwingi kinaruhusiwa. Mlo wa dagaa au sato ni bora hapo kuliko wa maharage matupu.

Halafu kuna kitu kikubwa kuliko katekini zote. Kijiko cha chai cha sukari kilichosawazishwa ni gramu 4. Cha kujaa kinavuka 6. Mtu wa vijiko vitatu vya kujaa, vikombe vitatu kwa siku, anakunywa zaidi ya gramu 50 za sukari. Akihamia kwenye chai ya kijani kavu, yaani isiyo na sukari, halafu sukari yake ikashuka, atasema ni jani. Si jani, ni zile gramu 50. Angepata matokeo yaleyale kwa chai ya rangi kavu yenye tangawizi. Asali nayo ni sukari, msiidanganyie mwili kwa jina.

Kingine ni kitafunwa. Chai ya kijani na maandazi mawili haiokoi kitu. Kipande cha kiazi kitamu kilichochemshwa, saizi ya ngumi, na yai. Au michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) kidogo na karanga. Michembe pimeni ikiwa mikavu, kiganja kimoja, kwa sababu imetolewa maji, na watu wanaila kama bisi wakidhani ni kidogo.

Maabara_Kirumba

Naona watu wataanza kujipima kwa mashine ili "waone chai inavyofanya kazi". Tafadhali muwaeleze hili kabla.

Kiwango cha kimataifa cha mashine za sukari kinaruhusu kosa la asilimia 15 juu au chini. Sukari halisi ikiwa 9.0 mmol/L, mashine nzima isiyo na hitilafu inaweza kusoma kati ya 7.7 na 10.3. Mfamasia ametaja 0.08. Hakuna mashine ya mkononi inayoweza kuiona 0.08. Anayesema "nilikunywa jana, leo imeshuka kutoka 9.4 hadi 8.6" ameona kosa la mashine, au ameona chakula cha jana.

Na kuna makosa ya mikono. Ukimenya embe au ndizi halafu ukajitoboa kidole bila kunawa, tone linabeba sukari ya tunda na mashine inapanda vibaya. Nawa kwa maji na sabuni, kausha kabisa. Kidole chenye maji kinapunguza, cha spiriti ambayo haijakauka kinavuruga. Vijiti vya kupimia vikae ndani ya kopo lake, ufunike mara moja baada ya kutoa kimoja. Mwaloni na mitaa ya ufukweni hewa ina unyevu, na kopo lililoachwa wazi siku chache linaanza kudanganya. Usiliache kwenye dashibodi ya gari wala juu ya friji.

Anayetaka kujilinganisha afanye hivi: mlo uleule, kipimo kilekile cha ugali, muda uleule. Siku tatu anywe maji, siku tatu anywe chai kavu. Apime kabla ya tonge la kwanza na saa mbili baadaye kamili. Aangalie ongezeko, yaani ya pili kutoa ya kwanza, achukue wastani wa siku tatu. Tofauti ikiwa chini ya 1 mmol/L asiiite matokeo. Na dawa ziendelee kama zilivyoandikwa siku zote sita, vinginevyo hajapima chai.

HbA1c inataka uangalifu zaidi huku kwetu. Inahesabu sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu zinazoishi siku 120 hivi. Mwenye selimundu, chembe zake zinakufa mapema, HbA1c inatoka ndogo hata sukari ikiwa juu. Aliyebeba kinasaba kimoja tu cha selimundu, ambao Kanda ya Ziwa ni wengi, naye anaweza kusoma pungufu: utafiti wa Marekani wa 2017 kwa watu weusi ulikuta tofauti ya takriban pointi 0.3 kwa sukari ileile. Hiyo 0.3 ni sawasawa na ushindi wote wa chai wa mwaka 2013.

Upungufu wa chuma unafanya kinyume, unaipandisha HbA1c bila sukari kupanda. Hapo nakutana na Lishe: mama anayekunywa chai kali na kila mlo anaweza kushuka damu, HbA1c ikapanda, akaongezewa dawa asiyohitaji. Kipimo cha wingi wa damu kiende pamoja na HbA1c, na wakipingana, tegemeeni sukari ya kabla ya kula na ya saa mbili baada ya kula.

Mhudumu_Igoma

Asanteni sana, hii ya mashine nitaianza nayo kesho. Mawili yamebaki. Kwanza, wapo wanaoamka, wanameza glibenklamidi, wanakunywa chai ya kijani kavu, wanatoka na mitumbwi au wanaenda sokoni bila kula mpaka saa tano. Pili, vidonge: kopo linasema "miligramu 500", kidonge kimoja mara tatu kwa siku.

Mfamasia_Nyegezi

La kwanza ndilo la haraka. Glibenklamidi inaikamua kongosho itoe insulini, chakula kiwepo kisiwepo. Kabla, mtu huyo alikuwa na chai yenye vijiko vitatu vya sukari, ambayo kwa bahati ilikuwa inamkinga asubuhi. Ukiiondoa sukari bila kumpa kitafunwa umemwacha wazi. Kanuni ya kumwambia: glibenklamidi humezwa pamoja na mlo wa kwanza wa kweli. Kama mlo ni saa tano, arudi kliniki dozi ipangwe upya, asijipangie mwenyewe.

Dalili ni kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafla, maneno kuparaganyika. Sukari ikiwa chini ya 4.0, au dalili zipo na mashine haipo: vijiko 4 vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, kwenye nusu glasi ya maji, asubiri dakika 15, apime tena, kisha ale. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni, apelekwe. Na kwa glibenklamidi apelekwe hata akizinduka, kwa sababu dawa inakaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena baada ya saa kadhaa. Anayekwenda ziwani awe na sukari kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa. Chai ya kijani haimsaidii hapo hata kidogo.

Metformini na chai kali tumboni patupu zote zinaleta kichefuchefu. Mtu anazichanganya, anatapika, anailaumu dawa, anaiacha. Ameze katikati ya mlo, chai ije baadaye.

Vidonge. Miligramu 500 mara nyingi ni uzito wa dondoo, si wa EGCG. Tafuta asilimia. Ikiwa EGCG ni asilimia 50, kidonge kina 250, na vitatu kwa siku ni 750. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2018 ilisema kuanzia miligramu 800 za EGCG kwa siku kwenye vidonge, vimeng'enya vya ini hupanda kwenye damu, ishara kwamba ini linaumizwa. Akiongeza kimoja tu kwa kudhani ni majani, amevuka. Kopo lisiloandika asilimia halina hesabu ya kupiga, lirudi dukani. Kikombe hakina shida hiyo: wanywaji wa kawaida wanapata miligramu 90 hadi 300 kwa siku, na inaingia polepole. Kidonge kinashuka kwa mkupuo, na kikimezwa bila chakula kinanyonywa zaidi.

Walio kwenye dawa za TB wasiguse vidonge hivyo kabisa. Ini lao lina mzigo tayari, na TB na kisukari huku Mwanza vinatembea pamoja. Mkojo wa rangi ya kola, macho ya njano, mwili kuwasha, maumivu chini ya mbavu za kulia: aache kidonge siku hiyohiyo na aende akapimwe ini. Kwa kikombe, mwangalieni anayetumia nadololi ya presha, chai ya kijani inapunguza sana kiasi kinachoingia mwilini. Wa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asibadilishe kiasi cha chai ghafla bila kupimwa INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda.

Jambo moja zaidi, Mhudumu. Ukiona kidonge cha "mitishamba" kinachoshusha sukari kwa 3 mmol/L ndani ya siku mbili, usikisifie. Duniani zimeshakamatwa dawa za asili zilizotiwa glibenklamidi kimyakimya, na mgonjwa aliye nayo tayari anameza dozi mbili bila kujua. Chukua kopo lenyewe, si jina tu, angalia kama lina namba ya usajili, kisha lipeleke TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) ofisi ya kanda au kwa mfamasia wa hospitali. Na kwenye daftari la kliniki la mgonjwa andika jina la bidhaa, asilimia ya EGCG, vidonge vingapi kwa siku, na tarehe aliyoanza. Daktari akiona ini limepanda mwezi ujao atajua pa kuanzia.

Mhudumu_Igoma

Nimepata. Makopo mawili ninayo hapa, moja halina asilimia wala namba yoyote ya usajili. Kesho asubuhi nalipeleka, na wenye glibenklamidi nawapitia nyumba kwa nyumba kabla hawajatoka.